Mlango Usiobishwa Hodi

Kuna watu wanaopewa majina na wazazi wao, na kuna wanaopewa na bomba la maji. Fundi cherehani wa mtaa wa chini alipata lake la pili bombani, mbele ya foleni ndefu ya ndoo, na aliyempa alikuwa dada yake wa tumbo moja.

"Mpisheni Bi Tufani achote," dada alisema kwa sauti ya kusikika mpaka barabarani, "asije akatutangazia mafuriko ya kikombe."

Watu walicheka mpaka wengine wakamwaga maji. Tangu siku hiyo ilikuwa imepita miezi kumi na moja, na ndugu hao wawili hawakuwa wamepeana hata salamu ya kichwa.

Kisa chenyewe kilikuwa bendera nyekundu. Fundi ndiye aliyeongoza kikosi cha kujitolea cha tahadhari ya tufani katika mtaa ule. Mwaka uliopita ujumbe ulikuja kwenye redio ya kikosi, akapandisha bendera, watu wakabeba watoto na magodoro wakapanda shuleni, kisha tufani ikageuka baharini ikaenda zake. Halikung'oka hata bati moja. Dada yake, mwoka mikate, alikuwa amekanda unga wa harusi nzima siku ile. Unga uliumuka, ukafurika mabeseni, ukachacha, na yeye amekaa kwenye sakafu ya darasa anatazama jua linavyowaka. Haki isemwe: fundi hakukosea. Tufani haimwambii mtu siri zake, na anayesubiri kuwa na uhakika kamili atakuja kuwa nao akiwa shingoni kwenye maji. Lakini nenda kamweleze hayo mtu aliyebeba mabeseni sita ya unga kwenda kuyamwaga jalalani.

Basi siku tufani ya kweli ilipokuja, ilikuta mambo yako hivyo.

Saa nne asubuhi karani mstaafu, mtunza redio wa kikosi, aliingia kibandani kwa fundi, ndara mkononi na miguu peku. Mzee yule alikuwa hakimbii hata akinyeshewa.

"Fundi, wametoa onyo la tufani. Saa kumi jioni inafika nchi kavu. Mawimbi yatapita ukuta."

"Wamesema inaweza kugeuka?"

"Mara hii hawakusema hivyo."

Fundi aliinua mguu kwenye pedali ya cherehani. Nje hewa ilikuwa imesimama kabisa, na bahari ilikuwa na rangi ya maji ya kuoshea vyombo. Hakuogopa tufani kwanza. Aliogopa kupandisha bendera. Alijua watakavyocheka. Akaipandisha hivyo hivyo.

Nyumba zilikuwa arobaini na tatu, watu wa kikosi sita. Utaratibu wao ulikuwa mwepesi. Ukibisha hodi na kuwaeleza wenyeji, unachora mstari mmoja wa chaki mlangoni. Wakishatoka wote unachora wa pili, mistari inapishana, ili mwenzako akipita ajue humo hakuna mtu asipoteze muda. Nyumba yenye mgonjwa asiyetembea ilikuwa na kanuni yake: wenyeji wasihangaike kumbeba peke yao wakaanguka naye njiani; wamtayarishe, wakae ndani, wasubiri watu wawili wa kikosi. Kanuni hiyo aliiandika fundi mwenyewe, mwaka ule shemeji yake, mume wa dada, alipopigwa na kiharusi upande wa kulia. Hakumtaja, ila kila mtu alijua inamhusu nani.

Na Jumamosi iliyotangulia walikuwa wamefanya zoezi la haya yote, nyumba kwa nyumba. Alama zilitakiwa zifutwe baadaye. Jumapili mvua ikanyesha kutwa nzima, ikazifuta yenyewe, wakamshukuru Mungu kwa kuwapunguzia kazi.

Fundi aligawa njia. Alipofika kwenye kichochoro cha ukutani, kile cha mwisho kabisa kabla ya bahari, ambako ndiko alikokaa dada yake, alimtazama kinyozi.

"Wewe chukua ukutani."

Kinyozi alikuwa kijana wa miaka thelathini, mwenye maneno mengi kuliko nywele za wateja wake. Aliitikia bila kuuliza. Wote walijua ugomvi wa ndugu hao, na kwa heshima hakuna aliyeutaja.

Mpaka saa nane fundi alikuwa amepiga kelele kwenye kipaza sauti hadi koo limekauka. Wapo waliomcheka, kama alivyotegemea. "Bi Tufani, na leo tukukandie unga?" muuza mkaa mmoja alimwuliza. Fundi alimweka mtoto mdogo wa muuza mkaa begani mwa yule mkubwa, akawaonyesha njia, akachora mistari yake miwili, akasogea mlango wa pili. Upepo ulikuwa umeanza, kwanza wa kuchezea khanga kambani, kisha wa kuzichukua.

Saa nane na nusu walikutana shuleni, juu ya kilima. Madarasa yalijaa. Watoto walikuwa wanalia, mbuzi analia, na bibi mmoja anagombana na mkaza mwanawe kuhusu sufuria iliyosahauliwa. Mtandao wa simu ulikuwa umekwisha kukatika. Karani alikaa kwenye dawati la mwanafunzi, magoti yamegusa kidevu, anasoma daftari huku kila aliyepita njia fulani akiitikia.

"Nyumba ya arobaini na mbili?"

"Wametoka," alisema kinyozi. "Watano."

"Nyumba ya arobaini na tatu, mwoka mikate?"

"Wametoka. Wawili."

Karani akaandika. Fundi akashusha pumzi. Kumbe alikuwa ameizuia. Akageuza shingo taratibu, kwa wizi, awatafute. Hakutaka kusalimiana, alitaka kuona tu. Akapitisha macho darasa la kwanza, la pili, la tatu. Akatoka uani kutafuta toroli la mikate, lile lenye sanduku la kioo, maana dada asingeliacha nyuma hata kwa mtutu wa bunduki. Halikuwepo.

Alirudi akamshika kinyozi mkono.

"Kwa dada, uliwaona wakitoka?"

"Sikuwaona. Nilikuta alama. Mistari miwili, ya buluu." Kinyozi akatabasamu. "Nikajua umeshapita mwenyewe. Nilifurahi, wallahi. Nikasema, hatimaye wamepatana."

Fundi alimwachia mkono.

Chaki za kikosi zilikuwa nyeupe, za ubaoni. Ya buluu ilikuwa moja tu, ile bapa ya kukatia nguo, yenye nta, isiyofutika mpaka uikwangue. Ilikuwa kwenye mfuko wa aproni yake wakati ule ule. Na mlango wa dada uko chini ya upenu, mvua haiufikii.

Jumamosi alikuwa amefika kwenye mlango ule kwa ajili ya zoezi. Aliinua mkono abishe. Ndani alisikia vikombe, na sauti ya dada ikisema kitu ambacho hakukishika. Akakumbuka bombani. Akamwona dada akifungua, akimtazama kuanzia miguuni, akimfungia mlango usoni na majirani wanaona. Mkono ukashuka. Akajiambia, ni zoezi tu, nani atakufa? Akatoa chaki iliyokuwa karibu, akachora mistari miwili, akaondoka kwa ncha za vidole, kama mwizi wa kuku. Kwenye daftari akaandika: wametoka, wawili.

Sasa dada alikuwa kule chini na mtu asiyetembea. Amesikia kipaza sauti. Anafuata kanuni. Anasubiri watu wawili wa kikosi.

Kulikuwa na njia ya kuficha, na fundi aliiona. Angeweza kusema hawakuonekana, twendeni tukaangalie, na lawama ingemwangukia kinyozi kwa kutobisha. Lakini mficha uchi hazai, na hapa palikuwa na roho mbili.

"Ile alama ni yangu," alisema. Sauti ilitoka nyembamba, akairudia kwa nguvu. "Niliichora Jumamosi. Sikubisha hodi. Niliogopa dada asije akanifukuza, nikachora nikaondoka. Wako ndani. Wako ndani wote wawili."

Hata bibi wa sufuria aligeuka kumtazama. Muuza mkaa alikuwa amesimama mlangoni, anasikia yote. Fundi alitamani sakafu ipasuke.

Karani alivua miwani. "Maji yamefika wapi darajani?"

"Mstari mweusi," mtu akajibu.

Nguzo ya daraja dogo la mfereji ilikuwa imepakwa rangi. Maji yakigusa mstari mweusi, hakuna wa kikosi kushuka. Hiyo nayo aliiandika fundi.

"Kanuni yako hiyo," karani akasema.

"Najua ni yangu. Na alama ni yangu. Kanuni mtanihukumu nayo kesho."

"Mtu mmoja hawezi kumwinua yule bwana," alisema kinyozi. Tabasamu lilikuwa limemtoka lote. Akaanza kukunja suruali. "Mimi ndiye niliyepita pale bila kubisha. Twende."

Karani alitazama daftari, akawatazama wao. Akavuta kamba ya akiba ya bendera iliyokuwa chini ya dawati, akampa kinyozi. "Nikihesabu jioni nikawakosa nyinyi, nitaandika nini?" aliuliza, na hakusubiri jibu, aligeuka ukutani ili wasimwone uso.

Walishuka mbio. Upepo uliwapiga kifuani mpaka fundi, mwanamke wa miaka hamsini na mbili mwenye magoti ya cherehani, akawa anapanda ngazi za hewa bila kusogea. Bati lilipita juu ya vichwa vyao likaenda kukwama kwenye nguzo ya umeme. Darajani maji yalikuwa yanapita juu, ya kahawia, magotini, yakivuta. Kinyozi alifunga kamba kwenye nguzo moja, akavuka nayo, akaifunga upande wa pili. Fundi akaishika akavuka, midomo ikisoma dua aliyofundishwa na mama yao, ambayo hakuwa ameikumbuka miaka mingi.

Kichochoro cha ukutani kilikuwa mto. Kila wimbi lililopiga ukuta lilirusha maji juu ya mapaa yakaanguka kwa kishindo. Mlango wa dada ulikuwa umefungwa, na ile mistari miwili ya buluu iko pale pale, safi kama imechorwa asubuhi hiyo.

Fundi alibisha kwa ngumi zote mbili. "Hodi! Dada! Ni mimi!"

Wimbi likapiga.

"Dada!"

"Sukuma!" sauti ikatoka ndani. "Mlango umevimba!"

Walisukuma kwa mabega, mara moja, mara mbili, mlango ukaachia wakaingia nao. Ndani maji yalikuwa nusu ya miundi. Dada alikuwa ameinua kitanda, miguu minne ndani ya madebe manne ya unga, Mungu ajuaye kwa nguvu gani, na alikuwa amekiegemea kwa kiuno kisiyumbe. Juu ya kitanda alikaa shemeji, shati limepigwa pasi, vifungo vyote vimefungwa, mfuko wa dawa mapajani. Alikuwa tayari kama abiria.

Dada alimtazama mdogo wake. Hakumsalimu wala hakumtukana.

"Mkokoteni wa kikosi uko wapi?"

"Hautavuka. Toroli la mikate."

"Jikoni."

Kinyozi aling'oa sanduku la kioo kwa mateke, likaanguka likapasuka, na dada akafumba macho mara moja tu. Wakamshika shemeji, mmoja kwapani, mmoja kiunoni, dada miguuni, wakamlaza kwenye ubao uliokuwa unabeba mikate. Alikuwa mtu mzito, na tangu ugonjwa maneno yalimtoka moja moja. Akahangaika na mdomo.

"Leo," alisema, "mkate... mimi."

Kinyozi akacheka kicheko cha mtu aliyekaribia kulia. Wakatoka.

Kwenye kichochoro maji yaliwasaidia, toroli lilikuwa linaelea nusu. Darajani yakawageuka. Gurudumu la mbele lilidumbukia kwenye shimo, toroli likainama upande wa mfereji, na shemeji akaanza kuteleza, mkono wake mmoja mzima ukitafuta cha kushika. Kinyozi alikuwa mbele na kamba, hawezi kurudi. Fundi na dada walikuwa upande mmoja, bega kwa bega.

"Shika, wewe!" dada alipiga kelele.

Lilikuwa neno la kwanza la kidada katika miezi kumi na moja. Fundi alipitisha mkono chini ya ubao, uzito wote ukamwangukia vidoleni, akasikia kimoja kikivunjika, na hakuachia. Dada alikuwa amemkumbatia mumewe kifuani. "Moja, mbili," dada akahesabu, kama walivyohesabu utotoni wakibeba pipa la maji, "tatu!" Wakainua. Gurudumu likatoka. Watu walikuwa wameshuka kutoka shuleni, muuza mkaa mbele, wakaishika kamba wakavuta.

Saa kumi na robo tufani ilifika. Walikuwa ndani, madirisha yamekingwa kwa madawati, na kilio cha upepo kilikuwa kinawalazimisha watu kuongea sikioni. Baada ya nusu saa walisikia mshindo mzito kutoka chini, mrefu, kisha mwingine. Mwenye nyumba ya arobaini na mbili alisema huo ni ukuta, umekwenda. Bila ukuta, kichochoro kile hakikuwa na kitu cha kukishikilia.

Fundi alikaa chini ya ubao wa kuandikia, kidole kimefungwa kwa kijiti na kitambaa. Alimwona dada akimkausha shemeji, akimfunika, akimnywesha maji. Kisha dada akasimama akaja moja kwa moja kwenye dawati la karani.

"Tuandike."

Karani akaandika: nyumba ya arobaini na tatu, wawili.

"Nimeambiwa habari ya alama. Sasa nionyeshe ya Jumamosi."

Karani alimtazama fundi. Fundi akaitikia kwa kichwa. Alikuwa amemaliza kuficha. Kurasa zikafunuliwa, na dada akafuata mstari kwa kidole kilichojaa makovu ya tanuri.

"Wametoka, wawili, saa nne na dakika ishirini," alisoma. "Saa hiyo nilikuwa namfunga vifungo."

"Vifungo gani?" fundi akauliza.

"Nilimwogesha alfajiri. Nikamnyoa. Yeye ndiye aliyetaka shati lile. Alisema leo mdogo wako anakuja, ndiyo kazi yake, hawezi kutupita. Nikaandaa vikombe vitatu." Dada hakuwa anapiga kelele, na fundi alitamani apige. "Tulikaa mpaka mchana. Jirani ndiye aliyetuambia zoezi limekwisha. Nikamvua shati, nikamwambia labda wamechelewa. Mume wangu hana akili mbovu, ni ulimi tu. Alilia."

Fundi naye alikuwa analia, waziwazi, mbele ya mtaa mzima, pua na macho. Aibu ya bombani ilikuwa mchezo wa watoto mbele ya hii.

"Nilidhani utanifungia mlango," alisema.

"Ningekufungia," dada akamjibu. "Ningekufungia kwa nguvu. Ungebisha tena, ningefungua."